Kamba ya Kusimamisha Kazi: Wajibu wa Kiongozi Aliye Mwalimu



Iko kazi moja iliyoenea sana duniani katika miaka hamsini iliyopita, nayo ni kazi ya kuwafundisha viongozi wa viwanda, hospitali na ofisi namna ya kuendesha shughuli bila upotevu. Wenye kazi hiyo huitwa kwa majina mengi. Wengine huitwa walimu, wengine washauri waelekezi, na wengine walezi wa viongozi. Wananchi wengi wakilisikia jina la mshauri mwelekezi, hupata picha ya mtu nadhifu anayefika na mkoba, anayekaa hotelini majuma mawili, anayeandika ripoti nene, kisha anaondoka akiwa amelipwa fedha nyingi. Ripoti huwekwa kabatini, na kazi huendelea kama ilivyokuwa.

Picha hiyo haikuzuka bure, kwa maana washauri wa namna hiyo wako. Lakini walioianzisha kazi hii hawakuwa watu wa mkoba na ripoti. Walikuwa watu wa karakana, wenye mafuta ya mashine mikononi, na somo lao kubwa lilikuwa moja: kosa lolote lionekane mapema, na anayelionyesha asiadhibiwe. Somo hilo linamhusu meneja wa kiwanda, na linamhusu vile vile mkuu wa idara na mwalimu mkuu wa shule. Ndiyo sababu historia ya kazi hii inafaa kutazamwa kwa makini.

MZIZI WA SOMO

Mwaka 1924 fundi mmoja wa Japani, Sakichi Toyoda, alikamilisha mtambo wa kufuma nguo uliokuwa na tabia ya pekee. Uzi ulipokatika, mtambo ulisimama wenyewe. Kabla ya hapo mfumaji alilazimika kusimama karibu na mtambo siku nzima akiulinda, na uzi ulipokatika bila yeye kuona, nguo mbovu iliendelea kufumwa. Mtambo wa Toyoda ulimpa mfanyakazi mmoja uwezo wa kuangalia mitambo mingi, kwa sababu kila mtambo ulijua kujisimamisha. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki ya kuutengeneza mtambo huo. Kiichiro, mwana wa Sakichi, akaongoza juhudi za ukoo huo za kutengeneza magari, na kampuni ya Toyota ikaundwa mwaka 1937.

Katika kampuni za ukoo huo aliajiriwa mwaka 1932 kijana aliyeitwa Taiichi Ohno. Alizaliwa mwaka 1912 huko Manchuria, akasomea ufundi wa mitambo Nagoya. Alianzia katika kiwanda cha nguo, na mwaka 1943 akahamia upande wa magari. Baada ya vita Japani ilikuwa maskini, viwanda havikuwa na mitaji, na soko la magari lilikuwa dogo. Ohno hakuwa na nafasi ya kuiga viwanda vikubwa vya Marekani, vilivyotengeneza vitu vingi kwa pamoja na kuvirundika maghalani. Aliona kwamba kurundika ni upotevu mkubwa kuliko wote, kwa sababu rundo huficha makosa. Kiwanda chenye vipuri elfu ghalani hakijui kwamba mia mbili ni vibovu mpaka siku vinapohitajika.

Kwa hiyo alianza kuondoa marundo, na makosa yakaanza kuonekana. Aliorodhesha aina saba za upotevu: kutengeneza kupita mahitaji, kungoja, kusafirisha vitu ovyo, kufanya hatua zisizo za lazima, kuweka akiba kubwa mno, mwendo wa bure wa mfanyakazi, na kutoa bidhaa mbovu. Mtumishi yeyote wa ofisi anayeitazama orodha hiyo atazitambua nyingi katika chumba chake mwenyewe.

Jinsi Ohno alivyofundisha ndiyo iliyompa sifa. Waliopita mikononi mwake wamesimulia kwamba alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni mwa karakana, akamwamuru mhandisi kijana asimame ndani yake na kutazama kazi inavyokwenda. Saa zilipita. Ohno aliporudi aliuliza swali moja tu: umeona nini? Jibu lisipomridhisha, kijana aliendelea kusimama. Hakumwambia alichopaswa kuona. Alitaka macho ya kijana yafunguke yenyewe, kwa kuwa alijua kwamba kiongozi aliyezoea kupokea habari kwa maandishi tu huongoza kiwanda kilichomo ndani ya karatasi, nacho si kile kilichoko nje ya dirisha lake.

Hapa pana tofauti kubwa na fikra iliyotawala Marekani tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Mwaka 1911 mhandisi Frederick Taylor alitoa kitabu chake juu ya usimamizi wa kisayansi. Kwa mafundisho yake, wako watu wa kufikiri na wako watu wa kutenda. Mtaalamu hupima kwa saa kila tendo la mfanyakazi, huamua njia iliyo bora, na mfanyakazi huifuata. Ohno naye alipima, lakini yeye alitaka anayetenda awe ndiye anayefikiri, na msimamizi awe mwalimu wake.

KIWANDA CHA FREMONT

Kwa muda mrefu watu wa Magharibi walidhani kwamba mambo haya yanawezekana kwa Wajapani peke yao, kwa sababu ya mila zao. Dhana hiyo ilijaribiwa mahali pamoja, katika mji wa Fremont, jimbo la California. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda huko kilichojulikana kwa magomvi. Utoro ulikuwa mkubwa, kiasi cha wafanyakazi 20 katika kila 100 kutofika kazini kwa siku. Migomo ilikuwa ya kawaida, ulevi ulikuwamo kazini, na magari yaliyotoka yalikuwa mabovu. Mwaka 1982 kiwanda kikafungwa.

Mwaka uliofuata General Motors na Toyota zilikubaliana kukifungua tena kwa ubia, chini ya jina la NUMMI, uongozi wa kazi ukiwa mikononi mwa Toyota. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa mwaka 1984. Jambo la kushangaza ni kwamba zaidi ya wafanyakazi wanne katika kila watano walitoka katika kiwanda kile kile cha zamani, chini ya chama chao kile kile cha wafanyakazi. Watu walioitwa wavivu na wakorofi walirudi wale wale.

Kilichobadilika kilikuwa uongozi. Vyumba vya chakula vya wakubwa viliondolewa, na mameneja wakala pamoja na wafanyakazi. Sehemu za kuegesha magari zilizotengwa kwa ajili ya wakubwa zilifutwa. Mamia ya wafanyakazi walipelekwa Japani kuona kazi kwa macho yao. Juu ya vichwa vyao, kando ya mstari wa kuunganishia magari, ikafungwa kamba.

Katika kiwanda cha zamani sheria ilikuwa moja: mstari usisimame kwa sababu yoyote. Gari lililofungwa vibaya liliachwa lipite, likarekebishwe mwishoni, au lisirekebishwe kabisa. Mfanyakazi aliyesimamisha mstari alihatarisha mkate wake. Katika kiwanda kipya, mfanyakazi aliyeona kosa au aliyezidiwa na kazi alitakiwa aivute kamba. Taa iliwaka, kengele ikalia, na kiongozi wa kikundi akafika papo hapo. Swali lake halikuwa "nani amekosea?" Swali lake lilikuwa "pana tatizo gani, na msaada gani unatakiwa?" Walipoweza kulitatua kabla gari halijamaliza kituo kile, kazi iliendelea. Wasipoweza, mstari ulisimama, na viongozi wakakusanyika pale pale.

Matokeo yalipimwa na watafiti wa chuo cha MIT, na kuandikwa katika kitabu kilichotolewa mwaka 1990 na James Womack, Daniel Jones na Daniel Roos. Takwimu zao za mwaka 1987 zilionyesha kwamba kuunganisha gari moja huko Fremont kulichukua saa 19 za kazi, ambapo kiwanda cha General Motors cha Framingham kilitumia saa 31, na kiwanda cha Toyota cha Takaoka, Japani, saa 16. Kwa upande wa ubora, Fremont ilikuwa sawa na Takaoka. Utoro nao ulishuka ukawa kiasi cha 2 kwa mia. Wafanyakazi wale wale, jengo lile lile, lakini kazi nyingine kabisa. Mtu anayependa kusema kwamba watumishi wa chini ndio chanzo cha uzembe wote, na aitafakari habari hiyo.

MWALIMU ANAYEZUIA ULIMI WAKE

Mmoja wa walioshiriki katika kuyahamisha maarifa hayo alikuwa Mmarekani John Shook. Aliajiriwa na Toyota huko Japani mwaka 1983, wakati kampuni ilipohitaji mtu wa kusaidia kuwaandaa Wamarekani wa Fremont. Hatimaye akawa Mmarekani wa kwanza kushika cheo cha meneja katika kampuni hiyo nchini Japani. Alipoondoka katika kampuni aliingia katika kazi ya kufundisha, kushauri na kuwalea viongozi. Mwaka 1998 alitoa pamoja na Mike Rother kitabu cha kuwafundisha watu kuchora njia nzima ya kazi, tangu malighafi mpaka kwa mnunuzi, ili waone mahali inapokwama. Mwaka 2010 akawa mkuu wa taasisi ya kufundisha maarifa hayo iliyoanzishwa na Womack mwaka 1997.

Katika kitabu chake cha mwaka 2008 Shook aliifafanua desturi moja ya Toyota inayostahili kufahamika na kila mwandishi wa dokezo sabili. Mwenye tatizo hutakiwa kulieleza lote katika ukurasa mmoja wa karatasi ya A3. Huandika chanzo cha shauri, hali ilivyo sasa, lengo linalotakiwa, sababu za tatizo, hatua zinazopendekezwa, nani atafanya nini na lini, na jinsi matokeo yatakavyofuatiliwa. Halafu huipeleka kwa mkubwa wake. Mkubwa haweki sahihi, wala haikatai. Huuliza. Umejuaje kwamba hiyo ndiyo sababu? Umekwenda kuona? Wenye kazi yenyewe wamesema nini? Kijana huondoka, hurudi mahali pa kazi, huandika upya. Anaweza kuandika mara nyingi kabla ya kufikia jibu.

Yawezekana mkubwa huyo analijua jibu tangu siku ya kwanza. Kulitaja kungechukua dakika moja. Lakini mkubwa akilitaja, tatizo moja litakwisha, na kijana atabaki hajui kutatua la pili. Walimu waliomo katika mkutano huu wanaifahamu hali hiyo kuliko mameneja wote wa dunia. Mwalimu anayemwandikia mwanafunzi jibu ubaoni hupata daftari safi na mtoto asiyejua hesabu. Kwa hiyo ufundi mkubwa wa kuwalea viongozi ni kuuzuia ulimi, na kuvumilia kumwona mwanafunzi akihangaika kwa muda unaofaa. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Kiongozi wa aina hii huonyesha kwamba kuuliza ndiyo kazi yenyewe.

Shook alijifunza jambo jingine huko Fremont. Wengi hudhani kwamba fikra za watu hubadilishwa kwanza kwa hotuba na mabango, kisha matendo hufuata. Yeye aliona kinyume chake. Viongozi wa Fremont walibadilisha kwanza mambo yanayotendeka kila siku, yaani kamba, msaada wa haraka na chakula cha pamoja, na fikra zikafuata baadaye. Mfanyakazi aliamini kwamba anaheshimiwa siku alipoivuta kamba na kuona kwamba hakufokewa.

HOFU YA KUPOTEZA KAZI

Mwaka 1988 mtafiti John Krafcik, aliyepata kufanya kazi Fremont, aliupa utaratibu huu jina la Kiingereza lenye maana ya mnofu usio na mafuta ya ziada. Jina hilo lilienea, na kwa bahati mbaya likawapendeza watu wengi kwa sababu isiyo njema. Wenye makampuni walidhani kwamba mafuta ya ziada ni wafanyakazi. Washauri wakaitwa, wakapima, wakaonyesha kwamba kazi ya watu kumi inaweza kufanywa na saba, na watatu wakafukuzwa. Mwaka uliofuata mshauri alipouliza nani ana wazo la kupunguza upotevu, hakuna aliyefumbua mdomo. Nani atakata tawi alilokalia?

Hatari hiyo iliwahi kuonywa mapema. Mwaka huo huo wa 1988 Mike Parker na Jane Slaughter, waandishi wa upande wa vyama vya wafanyakazi huko Marekani, walitoa kitabu kilichodai kwamba utaratibu wa Fremont na mingine kama huo huwabana wafanyakazi mpaka tone la mwisho, kwa kuwaondolea hata nafasi ndogo ya kupumua. Madai yao hayapaswi kupuuzwa. Kamba ile ile inayomletea mfanyakazi msaada inaweza kutumiwa kumhesabia makosa, na orodha ile ile ya upotevu inaweza kuwa fimbo mkononi mwa mnyapara.

Kinachotofautisha mambo hayo mawili ni ahadi, na kama ahadi inatimizwa. Toyota yenyewe ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1950 ilikuwa karibu kufilisika, ikawaondoa wafanyakazi wengi, mgomo mkubwa ukatokea, na Kiichiro Toyoda mwenyewe akajiuzulu. Baada ya hapo kampuni ilijenga uhusiano mpya na waliobaki, msingi wake ukiwa ni usalama wa ajira. Huko Fremont mkataba na chama cha wafanyakazi ulisema kwamba wafanyakazi hawatapunguzwa isipokuwa katika hali mbaya sana ya kuhatarisha kampuni, na kwamba hata hapo wakubwa watakatwa mishahara kwanza. Miaka ya 1987 na 1988 mauzo yalipungua na kiwanda kikawa na kazi kidogo. Ahadi ikajaribiwa. Hakuna aliyepunguzwa. Wafanyakazi waliokosa kazi mstarini walipelekwa mafunzoni na katika shughuli za kuboresha kiwanda. Mwalimu wa uendeshaji bora hana budi kumwuliza kila anayemwita swali hilo kwanza: mfanyakazi akionyesha njia ya kuokoa kazi ya mtu mmoja, mtu huyo atapelekwa wapi? Asiyekuwa na jibu, mwalimu na asikubali ujira wake.

HATA MWALIMU HUANGUKA

Isidhaniwe kwamba wenye maarifa haya ni malaika. Katika miaka ya 2009 na 2010 Toyota ililazimika kuyarudisha mamilioni ya magari kwa ajili ya hitilafu za kanyagio la mafuta na mazulia yaliyoweza kulinasa. Rais wa kampuni, Akio Toyoda, aliitwa mbele ya Bunge la Marekani mwezi Februari 2010. Alikiri huko kwamba kampuni ilikua kwa kasi kuliko ilivyoweza kuwafunza watu wake. Maneno hayo yana uzito. Kampuni iliyoufundisha ulimwengu kusimama panapotokea kosa ilikuwa imekwenda mbio mno, na yenyewe ikachelewa kuivuta kamba.

Mwaka huo huo wa 2010 kiwanda cha Fremont kilifungwa, baada ya General Motors kufilisika na kujitoa katika ubia. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, ijapokuwa walikuwa wamefanya yote waliyofundishwa. Lazima jambo hilo lisemwe wazi, kwa kuwa wapo wanaouza maarifa haya kama dawa ya kila ugonjwa. Uendeshaji mzuri wa karakana hauzuii maamuzi yanayofanywa na wenye mitaji walio mbali na karakana. Huwapa watu kazi yenye heshima na maana, na hilo peke yake ni kubwa, lakini hauondoi haja ya chama cha wafanyakazi wala haja ya sheria.

KUTOKA KIWANDANI MPAKA HOSPITALINI

Faida ya maarifa haya haikuishia katika magari. Mwaka 2013 ilielezwa habari ya jiko la kuwalisha maskini huko Harlem, New York, ambalo lilipata msaada wa wahandisi wa Toyota. Wenye njaa walikuwa wakipanga foleni nje mpaka dakika 90, kwa sababu waliingizwa kumi kumi. Wahandisi walitazama, kisha wakashauri mambo matatu: watu waingizwe mmoja mmoja kila kiti kinapokuwa wazi, patengwe mahali pa kungojea ndani, na mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia viti vilivyo wazi. Kungoja kukashuka kufikia dakika 18. Hapakununuliwa mtambo wowote, wala hapakufukuzwa mtu.

Huko Colombo, Sri Lanka, hospitali ya akina mama ya Castle Street, chini ya uongozi wa Dakta Wimal Karandagoda, ilitumia njia ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi na kuboresha huduma hatua kwa hatua. Kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, ujuzi huo ulivuka bahari. Mwaka 2007 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuujaribu, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Mwaka 2009 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa utekelezaji, na hospitali nyingine zikafuata. Tangu mwaka 2013 wizara yenye dhamana ya viwanda nayo, ikishirikiana na JICA, imekuwa ikiwaandaa wakufunzi wa kaizen, yaani uboreshaji wa daima, kwa ajili ya viwanda vya nchini.

Katika hospitali za Tanzania hatua tano za mwanzo zilipewa maneno ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Kusasambua ni kutenga kinachotumika na kisichotumika. Kuseti ni kukipa kila kitu mahali pake. Kusafisha kunaeleweka. Kusanifisha ni kuweka kanuni moja inayofuatwa na wote. Kushikilia ni kuyafanya hayo yote kila siku bila kukumbushwa. Hatua nne za kwanza zaweza kufanywa kwa juma moja kabla ya ziara ya mgeni rasmi. Ya tano haiwezi. Kabati lenye vibandiko maridadi na dawa zisizolingana na vibandiko hivyo linaonyesha mahali ambapo wakubwa walitaka sura ya kazi, wala hawakuitaka kazi.

SOMO KWA OFISI NA SHULE

Mtumishi wa umma anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi. Na ichukuliwe mfano wa mwananchi aliyesafiri kutoka kijijini kufuatilia shauri lake, akaambiwa arudi wiki ijayo. Mkubwa wa kawaida atasema karani ni mzembe, na ataandika barua ya onyo. Kiongozi aliye mwalimu atakwenda mwenyewe masijala na kuuliza. Kwa nini mwananchi amerudishwa? Kwa sababu jalada halionekani. Kwa nini halionekani? Kwa sababu lilitoka bila kuandikwa. Kwa nini halikuandikwa? Kwa sababu ofisa alijichukulia mwenyewe. Kwa nini alijichukulia? Kwa sababu akiomba hungoja siku mbili. Kwa nini hungoja siku mbili? Kwa sababu majalada yaliyofungwa miaka kumi iliyopita yamechanganyika na yanayotumika, na karani mmoja hutafuta katika rundo lote. Maswali matano yamefika kwenye mzizi. Barua ya onyo isingelipunguza rundo hilo hata kwa jalada moja, na karani angejifunza kitu kimoja tu: siku nyingine aseme jalada limepelekwa kwa mkubwa.

Vivyo hivyo shuleni. Darasa likifeli hesabu, mwalimu mkuu anaweza kumfokea mwalimu wa hesabu mbele ya wenzake. Mwaka utakaofuata mwalimu huyo atajua namna ya kuyapamba maksi ya majaribio, na ukweli utajulikana siku ya mtihani wa Taifa, wakati ambapo hakuna la kufanya. Au mwalimu mkuu anaweza kukaa nyuma ya darasa, akatazama, akauliza ni mada ipi wanafunzi walipoachwa, na tangu darasa la ngapi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na shule nyingi huugua maradhi yaliyofichwa kwa sababu ya woga.

Kwa Tanzania fikra hizi hazikupaswa kuonekana ngeni. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, ili mfanyakazi awe na sauti katika kuendesha kazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, uliwakataza viongozi kiburi na uonevu kwa wanaowaongoza. Si kila mahali maagizo hayo yalitekelezwa ipasavyo. Mabaraza mengi yaligeuka kuwa mikutano ya kusomewa taarifa, na kiburi kilibadili nguo tu. Hata hivyo, mabaraza ya wafanyakazi yapo mpaka leo katika utumishi wa umma. Kamba iko tayari juu ya vichwa vya watumishi. Kinachosubiriwa ni kuona kiongozi atafanya nini siku itakapovutwa.

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, mkuu wa kazi anayetaka kujipima asianze kwa kuhesabu ripoti alizopokea. Ajiulize ni lini mara ya mwisho mtu wa chini yake alimletea habari mbaya kwa hiari yake. Ikiwa hakumbuki, asifurahi akidhani kwamba mambo ni shwari. Yawezekana uzi umekatika zamani, na nguo mbovu inaendelea kufumwa.